Mkono mbovu kwenye blakijeki: lini usalimu amri, lini ukomae

Foleni ya malori pale Malaba ikigoma kusogea, hakuna la kufanya ila chai na karata. Wengi hucheza matatu. Msomaji wa Nairobi asishtuke: huku Uganda matatu ni mchezo wa karata, gari la abiria tunaliita teksi. Sisi wa meza ya pembeni tulizoea blakijeki, mchezo wa kuikaribia 21 kuliko mgawaji bila kuipita, dau likiwa vizibo vya soda, na ubishi usiokwisha ulikuwa mmoja tu. Umeshika 16, mgawaji ameonyesha 10, unafanyaje? Dereva mmoja wa Mombasa alikuwa na jibu lake la siku zote: "Kaka, mimi sitoki mkono ukiwa bado hai." Siku hiyo alibaki na vizibo vitatu.

Mwongozo huu ni wa mkono huo na wenzake wachache. Kwenye meza za kasino zinazoruhusu, unaweza kuacha mkono wako kabla hujaucheza. Unarudishiwa nusu ya dau, nusu nyingine inabaki kwao. Mezani wanaita sarenda. Kwa Kiswahili ni kusalimu amri, na nadhani neno hilo ndilo linalowaponza wengi maana linanuka aibu, wakati jambo lenyewe ni hesabu ya darasa la saba.

Maneno tutakayotumia

Dau ni fedha uliyoweka. Mgawaji ni mtu wa kasino anayegawa karata, na yeye peke yake ndiye mpinzani wako. Walioketi kando yako hawakuhusu. Kuomba ni kuongezwa karata, kusimama ni kutosheka na ulizo nazo, kuungua ni kupita 21. Karata zote za picha huhesabiwa 10. Ree, ambayo vijana wengi wanaiita esi, ni 1 au 11, kwa namna inayokufaa. Ree na karata ya 10 kwa pamoja, katika mbili za mwanzo, ndiyo blakijeki yenyewe. Mkono wenye ree inayohesabiwa 11 tunauita laini, usio nayo ni mgumu. Chipsi ni vile visahani vya rangi unavyobadilishiwa fedha zako. Za viazi ziko nje barabarani, na hizo angalau unashiba.

Hesabu ya robo

Tuseme dau ni shilingi 20,000. Ukisalimu amri unapoteza 10,000, kila mara, bila mjadala. Cha kujiuliza ni kama ukicheza utapoteza zaidi ya hizo kwa wastani.

Chukua mikono mia. Ukishinda 25 na kushindwa 75, sare tukiziweka kando, umepungukiwa madau 50. Hasara hiyo ni sawa kabisa na ya mtu aliyesalimu amri mara zote mia. Mpaka uko hapo basi, kwenye robo. Mkono unaoshinda chini ya mara moja katika nne, uache. Unaoshinda zaidi ya hapo, ucheze, hata kama sura yake inachukiza.

Sasa turudi kwenye 16 yetu dhidi ya 10. Ukiomba karata, aina 8 kati ya 13 zinakuunguza, kuanzia 6 hadi mfalme. Hiyo ni zaidi ya asilimia 61. Zinazokuokoa ni ree, 2, 3, 4 na 5, na hata ukiokoka mgawaji bado ana 10 yake inamsubiri. Ukisimama, huna njia ya kushinda ila yeye aungue, kwa sababu haruhusiwi kusimama chini ya 17. Mgawaji mwenye 10 mbele, ikishathibitika kwamba hana blakijeki, huungua kama mara 23 katika mia.

Piga hesabu: unashinda 23, unashindwa 77, umepungukiwa madau 54. Kwa dau la 20,000, mikono mia ya namna hiyo inakutoa shilingi 1,080,000. Ungesalimu amri kila mara ungetoka 1,000,000. Kuomba nako kunaleta karibu hasara ileile ya kusimama, ndiyo maana watu wanabishana miaka na miaka kuhusu 16 na kila mmoja ana ushahidi wake.

Lakini nisikudanganye kuhusu ukubwa wa jambo hili. Mchezaji anayefuata mpango sahihi wa blakijeki, kwenye meza yenye kanuni nzuri, anakatwa na kasino takriban asilimia 0.5 ya anachozungusha, yaani shilingi 5,000 kwa kila milioni. Sarenda ya kawaida inakurudishia kama mia saba au mia nane kati ya hizo. Hazitoshi kununua rolex, ile ya chapati na mayai. Meza inayokulipa ukipata blakijeki 6 kwa kila 5 ulizoweka, badala ya 3 kwa kila 2, inakuongezea mzigo wa karibu asilimia 1.4, na hapo sarenda haiwezi kukusaidia kitu; nyanyuka. Faida nyingine ya sarenda ni kwamba inapunguza mabonde na milima: fedha uliyoingia nayo inadumu muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: uliza kabla hujakaa

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Umri huo ni mkubwa kuliko wanavyodhani wageni wengi kutoka nchi jirani, kwa hiyo beba kitambulisho, na kama hujafika huo umri vizibo vya soda vinatosha. Angalia pia kama kuna leseni ya bodi ya taifa inayosimamia michezo hii; ikiwa haionekani popote, hakuna wa kukutetea mkikorofishana.

Baada ya hapo waulize mambo matatu. Je, meza hii ina sarenda? Nyingi hazina, na kuna zinazoiruhusu bila kuiandika mahali popote. Je, mgawaji akipata 17 laini anasimama au anaongeza? Jibu linabadilisha orodha nitakayokupa. La tatu ndilo lililonigharimu: je, mgawaji anachukua karata yake ya pili mwanzoni, au anangoja mpaka wachezaji wote wamalize?

Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa kwenye kasino moja Kampala, dau langu 50,000, nimeshika 10 na 6, mgawaji ana malkia. Nikachora mstari kwa kidole, nikasema sarenda, nikainua glasi yangu ya maji nikijiona bingwa. Mgawaji hakuchukua nusu. Aliliacha dau lote pale pale, akaendelea na mchezaji aliyefuata. Mwisho akajichotea karata yake ya pili: ree ya shupaza. Mkono wake ukapita mezani, ukazoa 50,000 zangu zote. Nikaruka. Msimamizi akaja taratibu, akaniambia, "Mzee wangu, soma hapa," akaniwekea kidole kwenye kibao kidogo ambacho nilikuwa nimekifunika kwa kiwiko changu tangu nilipokaa. Kiliandikwa kwamba sarenda haifanyi kazi mgawaji akipata blakijeki.

Kumbe sarenda ziko za aina mbili. Ya kuchelewa ni ile inayohesabika tu kama mgawaji hana blakijeki. Kwenye meza za Kimarekani anachungulia karata yake ya pili kwanza, asipokuwa nayo ndipo unaruhusiwa kusalimu amri. Kwenye meza asiyochukua karata ya pili, matokeo yaleyale yanapatikana kwa kibao kama kile: akiipata baadaye, anachukua dau zima. Sarenda ya mapema ni tamu zaidi. Hapo unatoka na nusu yako kabla ya lolote kujulikana, na akipata blakijeki baadaye shauri yake.

Utamu huo una historia yake. Kasino ya kwanza halali ya Atlantic City nchini Marekani ilipofunguliwa mwaka 1978, kanuni za jimbo la New Jersey zililazimisha sarenda ya mapema. Wachezaji makini walishangilia, kwa maana kanuni hiyo peke yake ina thamani ya zaidi ya asilimia 0.6 na inatosha kufuta faida yote ya kasino. Mwaka 1981 ikaondolewa. Leo ukiikuta mahali, kwa kawaida ni dhidi ya 10 tu, ree ikiwa imetolewa.

Hatua ya pili: ijue mikono yenyewe

Kwa sarenda ya kuchelewa, mgawaji akiwa anasimama kwenye 17 laini na wakitumia pakiti kadhaa za karata, orodha ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja:

- 16 ngumu dhidi ya 9, 10 au ree: acha. Yaani 10 na 6, au 9 na 7.
- 15 ngumu dhidi ya 10: acha.

Basi. Yakikaa kichwani hayo, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Mgawaji akiwa anaongeza kwenye 17 laini, anakuwa hatari zaidi akiwa na ree mbele, kwa sababu ile 17 yake dhaifu anapewa nafasi ya kuitengeneza. Hapo ongeza mikono mitatu, yote dhidi ya ree: 15 ngumu, 17 ngumu, na 8 mbili. Kuacha 17 kunauma, najua. Lakini 17 haimshindi mtu yeyote asipoungua, na kwa kanuni hiyo inashuka chini ya mpaka wa robo kwa chembe.

Kwa sarenda ya mapema dhidi ya 10 unaacha zaidi: 14, 15 na 16, pamoja na 7 mbili na 8 mbili. Sababu ni kwamba safari hii unakimbia pia blakijeki ambayo bado haijaonekana. 16 dhidi ya 9 inabaki vilevile. Ukiwahi kuikuta meza inayoruhusu sarenda ya mapema hata dhidi ya ree, acha mikono migumu ya 5 hadi 7 na ya 12 hadi 17, na uwaulize wana kiti cha ziada.

Mikono inayodanganya

Hapa ndipo fedha inapovuja kweli. Mtu akishajua sarenda anaanza kuitumia kama dawa ya kila homa.

Mgawaji ana 6, wewe una 16. Mkono wako ni ule ule mbovu, lakini safari hii mbovu zaidi ni wa mwenzako: mwenye 6 mbele huungua kama mara 42 katika mia. Ukisimama unapoteza kama madau 15 kwa mikono mia. Ukisalimu amri unapoteza 50. Umejitoza mwenyewe madau 35 kwa sababu ya woga. Ndiyo maana mkono haupimwi peke yake. Unapimwa kwa karata iliyo mbele ya mgawaji, na dhidi ya 2 hadi 7 sarenda haina kazi kabisa.

12 dhidi ya 10 ni mtego mwingine. Nimewaona wengi wakiiacha, nami niliwahi kuiacha, nikidhani nafanya busara. Ukiomba karata kwenye 12, aina nne tu kati ya 13 zinakuunguza. Hasara yake ni kama madau 38 kwa mia. 13 ni kama 42 au 43, na 14 inafika 47. Zote ziko chini ya 50, kwa hiyo kwenye sarenda ya kuchelewa zote zinachezwa. 15 dhidi ya 9 nayo iko 47, icheze.

Halafu 8 mbili. Ni 16 kwa jina, lakini unaweza kuzitenganisha ukapata mikono miwili inayoanza na 8, kila mmoja na dau lake, na huo ni mwanzo unaovumilika. Dhidi ya 10 ukizitenganisha unapoteza kama 48 kwa mia. Bado ni nafuu kuliko nusu. Kwa hiyo zitenganishe, isipokuwa dhidi ya ree kwa ile kanuni ya 17 laini. Tahadhari moja: kwenye meza ambayo mgawaji hachukui karata ya pili na blakijeki yake inazoa madau yote mawili, 8 mbili dhidi ya 10 ziache.

Mikono laini usiiache kamwe. Ree na 5 ni 16 kwa maneno tu, haiwezi kuungua kwa karata moja.

Hatua ya tatu: namna ya kusema

Sarenda ni uamuzi wa kwanza au si uamuzi kabisa. Ukishaomba karata hata moja, nafasi imepita. Ukishatenganisha jozi, vivyo hivyo. 16 iliyotokana na 5, 4 na 7 hairudishiwi nusu.

Ishara ni kuchora mstari wa kukata kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, nyuma ya dau lako. Shida ni kwamba kuomba karata kunaonyeshwa kwa kugonga au kukwaruza meza kwa kidole hicho hicho, na mgawaji aliyechoka saa nane usiku anaweza kukuelewa vibaya. Basi sema kwa sauti, "sarenda", ndipo uchore. Usiguse chipsi zako mwenyewe. Mwache yeye azigawe.

Mgawaji akiwa na ree atawauliza kwanza kama mnataka bima. Watu huichanganya na sarenda kwa sababu zote zinataja nusu ya dau. Bima ni dau jingine kabisa, kwamba karata yake ya pili ni 10, na inalipa 2 kwa 1. Ili ikulipe inabidi 10 itoke zaidi ya mara moja katika tatu, lakini aina za 10 ni 4 kati ya 13, chini ya asilimia 31. Ikatae, subiri achungulie, kisha kama una 16 salimu amri.

Na jirani yako mezani akikuambia umeharibu mpangilio wa karata kwa kuacha mkono, mwitikie "pole, boss" na uendelee.

Meza isiyo na sarenda

Utaikuta mara nyingi. 15 dhidi ya 10 omba. 16 dhidi ya 9 au ree omba. 16 ya karata mbili dhidi ya 10 omba pia, lakini ikiwa imetokana na karata tatu au zaidi simama, kwa sababu zile ndogo ulizozihitaji baadhi yake tayari umezishika mkononi.

Mazoezi ya vizibo

Tulijaribu kumaliza ule ubishi wa Malaba kwa kucheza 16 dhidi ya 10 mara mia, tukihesabu. Haukwisha. Kwa mara mia bahati peke yake inaweza kusogeza matokeo madau 8 huku au kule, wakati tofauti tunayoitafuta ni 4. Ungehitaji foleni ya mwezi mzima.

Zoezi linalofaa ni jingine. Changanya pakiti, jigawie karata mbili, mgawaji moja, na papo hapo sema kwa sauti "cheza" au "acha". Rudia. Kwa ile orodha fupi, "acha" inatakiwa kutoka takriban mara moja katika 20. Ukijikuta unaisema mara nne au tano katika 20, woga umekushika. Rudi kasome tena habari za 12 na 13. Usipoisema kabisa hata baada ya pakiti kadhaa, wewe ni ndugu yake dereva wetu.

Yeye mwenyewe siku hizi anaacha 16 bila kuguna. Inayomsumbua ni 15 dhidi ya 10. Kila ikitoka anasita, anaangalia lori lake, anaangalia karata. Nimemwambia hiyo aicheze akipenda: ukiomba unapoteza madau 50 na nusu kwa mia, na ukiacha 50 kamili.